Miaka Mitatu ya Mkataba wa Matengenezo ya Mashine za Nyumbani: Tathmini ya Mteja

Mkataba wenyewe ulikuwa karatasi moja. Upande wa mbele uliorodhesha mashine sita za nyumbani kwangu, yaani jokofu, mashine ya kufulia, mashine ya kuoshea vyombo, jiko la gesi lenye oveni ya umeme, hita ya maji yenye tangi, na kiyoyozi kimoja. Upande wa nyuma ulieleza kwamba, kwa ada ya mwaka, fundi angekuja mara mbili kusafisha, kukagua na kuacha ripoti yenye saini. Vipuri havikuhesabiwa, wala kazi ya kutengeneza kilichokwisha kuharibika. Nilichokuwa nanunua, basi, kilikuwa uangalizi tu, kwa ahadi kwamba mashine zitadumu zaidi. Nimekuwa mteja wa huduma hiyo kwa miaka mitatu, nimepokea ziara sita kutoka kwa mafundi watatu, na sasa naweza kueleza ni sehemu gani ya fedha yangu ilifanya kazi na ni sehemu gani ililipia saini. Jina la kampuni silitaji, kwa kuwa mikataba ya namna hii huuzwa na wengi na maneno yake hufanana.

Fundi wa kwanza ndiye aliyenifanya nisaini tena mwaka wa pili. Alikuwa mtu mzima, mwenye mkoba wa turubai uliochakaa pembeni, na kabla hajaufungua aliomba nimwachie dakika chache za kusikiliza. Alisimama mbele ya jokofu, akaweka kiganja ubavuni, akangoja kompresa, ile mota inayosukuma gesi ya kupoza, izime. Haikuzima. Baada ya kama dakika kumi alichomoa plagi, akalivuta jokofu kutoka ukutani, akachutama nyuma yake na tochi, kisha akaniita nikaone. Neli nyeusi za kondensa zilikuwa zimefunikwa vumbi la kijivu lililoshikamana kama sufi, nene kiasi kwamba ukilivuta kwa vidole linabanduka vipande vipande. "Hili jokofu haliumwi, mama," alisema. "Limevishwa koti."

Nimekumbuka kauli hiyo mara nyingi, kwa sababu inaeleza kwa ufupi kile ambacho vitabu vya maelekezo hutumia kurasa mbili kukisema. Jokofu halitengenezi baridi, bali huhamisha joto: hulitoa ndani ya kabati na kulimwaga chumbani kupitia kondensa. Ikiwa kondensa imezibwa na vumbi, au imesukumwa hadi ukutani pasiwe na nafasi ya hewa kupita, joto hilo halina pa kwenda, shinikizo la gesi hupanda, na kompresa hulazimika kufanya kazi kwa muda mrefu zaidi ili kufikia baridi ile ile. Mota inayozunguka karibu saa zote 24 huchemka, mafuta yake huchakaa, na siku ikifa watu husema jokofu lilikuwa bovu tangu dukani. Usafi uliofanyika siku ile ulihitaji brashi laini, kifyonza vumbi na robo saa. Katika modeli nyingi za sasa neli hizo zimefichwa ndani ya kuta za ubavu, ndiyo maana ubavu huwa wa moto ukiugusa. Huko hakuna cha kupiga brashi, lakini nafasi ya hewa pande zote inahitajika vilevile, na kipimo chake huandikwa kwenye kitabu cha maelekezo.

Kutoka nyuma alihamia mlangoni. Alichukua ukanda wa karatasi, akaubana kati ya mlango na kabati, akauvuta taratibu, kisha akarudia hivyo kuzunguka pande zote nne. Mahali ambapo karatasi ilishikwa, raba ilikuwa nzima. Kwenye kona ya chini, upande wa bawaba, ilichomoka bila ubishi. Nilidhani angeniambia ninunue raba mpya. Badala yake aliomba maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, akaifuta mikunjo iliyokuwa imejaa uchafu wa kunata, akaipasha kona ile kwa kitambaa cha moto mpaka ikalainika na kurudi umbo lake. Karatasi ilishikwa. Raba ikiwa imepasuka, hapo hakuna ujanja isipokuwa kuibadilisha, na ni kipuri kinachostahili kuulizwa kabla ya kununua jokofu lolote. Umoja wa Ulaya uliliona hilo: kanuni zake zilizoanza kutumika Machi 2021 ziliwataka watengenezaji wahakikishe raba za milango ya majokofu zinapatikana kwa angalau miaka 10 baada ya modeli kuacha kuingizwa sokoni, ilhali vipuri vingine kadhaa vya jokofu vilipewa miaka 7.

Kipimajoto alikiweka ndani ya glasi ya maji katika rafu ya kati na kuniagiza nikisome asubuhi, kwa kuwa hewa ya jokofu hubadilika kila mlango unapofunguliwa, ilhali maji hayashtuki upesi. Kinachotakiwa ni nyuzi joto 4 hivi kwa jokofu na nyuzi 18 chini ya sifuri kwa friza. Asubuhi yake kilisoma nyuzi 1, huku kitufe kikiwa bado kwenye namba ya juu kabisa, ambako nilikuwa nimekipeleka miezi kadhaa nyuma nilipoona maziwa yanachacha mapema. Nilikuwa nikiilazimisha kompresa ikimbie huku imefungwa mdomo. Nikakirudisha kitufe hatua mbili, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nikasikia jokofu likinyamaza.

Mambo mawili zaidi aliyaeleza akiwa anafunga mkoba, na yote mawili hayamo kwenye orodha ya mkataba. La kwanza ni barafu ya friza zile zisizojiyeyusha zenyewe: ikifika unene wa nusu sentimita hivi, huwa blanketi linalozuia baridi isipite, na inapaswa kuyeyushwa kwa kuzima friza na kuacha mlango wazi, kamwe si kwa kuchokoa kwa kisu. Ukuta wa ndani una mifereji myembamba ya gesi, na tundu dogo kama la sindano linatosha kulimaliza jokofu. Isitoshe, majokofu mengi ya sasa hutumia isobuteni, ambayo kibandiko cha nyuma huiandika R600a, na gesi hiyo hushika moto. La pili ni umeme unaokatika na kurudi papo hapo. Kompresa iliyosimama ghafla huwa na shinikizo kubwa upande mmoja, na ikilazimishwa kuanza kabla shinikizo halijasawazika, mota hukwama na kuchemka. Kifaa cha kulinda jokofu, kile kinachochelewesha umeme kwa dakika tatu hivi kabla ya kuurudisha, kinafanya kazi hiyo kimya kimya. Kabla ya kulirudisha jokofu mahali pake alibandika mgongoni mwake kipande cha tepu nyeupe na kuandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito. Tepu hiyo nitairudia.

Kwa mashine ya kufulia, fundi yule alianza kwa kuomba kuona kikombe ninachopimia sabuni. Nilikuwa nikitumia kikombe cha chai. Hakusema kitu, aliiwasha mashine ikiwa tupu, bila sabuni, kwa maji ya moto, akaniita baada ya robo saa tutazame kioo cha mlango. Povu lilikuwa limefika nusu ya kioo, na lote lilitoka kwenye mabaki ya sabuni yaliyokuwa yamelala ndani ya mashine kutoka mafuo yaliyotangulia. Nilikuwa nimezoea kuamini kwamba povu ndiyo kazi yenyewe, kumbe katika mashine zinazofungukia mbele povu jingi ni hasara: huzuia nguo zisisuguane, huirefusha kazi ya kusuuza, na huacha utando unaonata nyuma ya pipa na ndani ya mipira. Utando huo ndio nyumba ya kuvu na ndio chanzo cha ile harufu ambayo watu hujaribu kuifunika kwa kuongeza dawa ya kulainisha nguo, nayo kwa kuwa ina mafuta mafuta huunenepesha utando zaidi.

Tiba ni rahisi kuliko nilivyotarajia. Sabuni ipimwe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti kulingana na ugumu wa maji, yaani wingi wa chokaa ndani yake. Mara moja kwa mwezi mashine izungushwe tupu kwa nyuzi joto 60 au zaidi, kwa sabuni ya unga, kwa sababu sabuni ya unga ya kawaida ya nguo nyeupe huwa na kemikali ya kung'arisha ambayo ile ya maji haina. Nyumba inayofua kwa maji baridi na sabuni ya maji peke yake ndiyo hasa yenye kuhitaji mzunguko huo. Mlango na droo ya sabuni viachwe wazi baada ya kufua, na mikunjo ya raba ya mlango ifutwe ikauke. Mahali penye maji ya chumvi chumvi, asidi ya sitriki huondoa magaga ya chokaa kwenye elementi, kile chuma cha ndani kinachochemsha maji. Siki nayo husifiwa sana, ila fundi yule hakuipenda iwe mazoea kwa hofu ya raba kuchakaa, nami nimefuata ushauri wake.

Kisha akafungua kijimlango kidogo cha chini mbele. Aliweka beseni la bapa na taulo, akalegeza kizibo cha chujio la pampu nusu mzunguko, akaacha maji yatiririke, kisha akakitoa chote. Ndani mlikuwa na sarafu mbili, kifungo cha shati, kibanio cha nywele kilichoota kutu, na donge la nyuzi lenye ukubwa wa yai. Miaka minne nilikuwa na mashine hiyo bila kujua kwamba kijimlango kile kinafunguka. Pampu inayosukuma maji kupitia takataka hizo huungua, na pampu ni miongoni mwa vipuri vinavyoongoza kwa kuharibika. Kazi hiyo mtu yeyote anaweza kuifanya kila baada ya miezi miwili mitatu, mradi asisahau kukikaza kizibo. Nasema hivyo kwa sababu katika ziara ya tatu fundi wa pili alikisahau: nilifua usiku, na asubuhi nikakuta sakafu ya jikoni ina maji mpaka chini ya makabati. Kampuni iliomba radhi na kumtuma mtu wa kukikaza, lakini kufikia hapo nilikuwa nimekwisha kukikaza mwenyewe.

Jambo ambalo huenda limeiongezea mashine hiyo umri kuliko yote, hata hivyo, lilifanywa kwa pimamaji. Fundi wa kwanza aliliweka juu ya mashine, kwanza kwa upana kisha kwa urefu, na tone la hewa likakimbilia pembeni. Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa unaelea. Mashine inayokamua kwa mizunguko 1,200 kwa dakika ikiwa inayumba huziponda springi zake na kuzipiga beringi kila siku ya kufua. Beringi zikianza kuisha utazisikia: sauti kama ya ndege inayojiandaa kuruka, inayokua kadiri kasi inavyopanda. Mara nyingi chanzo chake ni sili ya shafti kuruhusu maji yapite na kuiosha grisi. Kwa bahati mbaya, katika mashine nyingi za miaka ya karibuni pipa la nje limeunganishwa kwa kuyeyushwa na si kwa skrubu, hivyo kubadilisha beringi humaanisha kukata pipa au kununua pipa zima, na hapo wengi huitupa mashine. Aliirekebisha miguu minne, akazikaza nati zake, akaizungusha mashine kwa mkono huku amelaza sikio kwenye ubavu wake. Kisha akaonyesha kiasi cha nguo kwa kuingiza kiganja chake kwa wima juu ya mzigo: kikiingia bila kusukuma, mzigo ni sawa.

Nimekaa sana kwenye jokofu na mashine ya kufulia kwa sababu ndizo zinazofanya kazi kila siku. Lakini nikiulizwa ni wapi hasa mkataba ulistahili ada yake, nitaitaja hita ya maji, mashine ambayo nilikuwa sijawahi kuifikiria. Katika ziara ya pili fundi alizima umeme kwenye swichi kuu, akafunga maji ya kuingia, akangoja tangi lipoe, akaunganisha mpira kwenye koki ya chini na kuuelekeza kwenye mfereji. Maji yaliyotoka yalikuwa kama uji mwepesi: chembe nyeupe za chokaa na mchanga mwekundu wa kutu. Elementi iliyozama katika tope hilo hupika tope badala ya maji na huungua mapema. Aliendelea kusuuza mpaka maji yakatoka safi, kisha akachukua spana ndefu na kufungua kitu ambacho mimi nilidhani ni boliti tu.

Ilikuwa ni anodi. Tangi la hita kwa kawaida ni chuma kilichopakwa enameli ndani, na kwa kuwa enameli haikosi nyufa ndogo, watengenezaji huning'iniza ndani yake fimbo ya magnesiamu au alumini ambayo huliwa na kutu kwa hiari ili chuma cha tangi kisiliwe. Wazo hilo lina umri mkubwa kuliko mashine zote nilizonazo: mwaka 1824 Humphry Davy, mwanakemia wa Uingereza, alieleza jinsi vipande vya zinki au chuma vilivyogusanishwa na shaba ya matumbo ya meli vinavyoizuia shaba hiyo isiliwe na maji ya bahari. Fimbo yangu, ambayo ikiwa mpya huwa nene kama kidole gumba, ilitoka ikiwa waya mtupu wenye vinundu vitatu vya majivu. Tangi lilikuwa limebaki bila mlinzi, na fundi alikadiria kwamba hali hiyo ilikuwa ya miezi kadhaa. Fimbo mpya, ambayo nililipia pembeni, ni kitu kidogo sana kikilinganishwa na tangi jipya. Inatakiwa ikaguliwe kila mwaka mmoja hadi mitatu kutegemea maji, na bado sijakutana na jirani hata mmoja anayejua kwamba ipo. Wenye matangi ya chuma kisichoota kutu mara nyingi hawana anodi, lakini usafishaji wa chokaa unawahusu vilevile.

Aliiweka hita kwenye nyuzi joto 60. Chini ya hapo sana, maji ya uvuguvugu hukaribisha Legionella, bakteria wanaoleta ugonjwa wa mapafu. Juu ya hapo sana, chokaa hujijenga upesi na hatari ya kuungua huongezeka. Aliinua pia kidogo mkono wa valvu ya kupunguza shinikizo, maji yakaruka, akaurudisha. Valvu hiyo isizibwe kwa sababu yoyote, hata ikiwa inadondosha maji na kukuudhi. Ikidondosha mfululizo, aitwe fundi.

Jiko na mashine ya kuoshea vyombo havikuhitaji maneno mengi. Matundu ya vichwa vya jiko yalizibuliwa kwa sindano, na mwali uliokuwa na ncha za manjano ukarudi kuwa wa bluu. Mwali wa manjano ni dalili kwamba gesi haiungui sawasawa, na kinachotoka hapo ni masizi pamoja na kaboni monoksidi. Mpira wa gesi ulipakwa maji ya sabuni kutazama kama pana mapovu, nao ulibadilishwa kwa sababu tarehe yake ilikuwa imepita. Kuhusu oveni nilionywa nisipende kutumia ule mfumo wake wa kujisafisha kwa joto la karibu nyuzi 500, kwani joto hilo huweza kukata fyuzi ya usalama na kuchosha vifaa vya umeme vilivyo jirani. Ukifuta mafuta kila baada ya kupika, hutauhitaji. Mashine ya vyombo ilisafishwa chujio, mikono ya kunyunyiza maji ikachokolewa matundu, na chumvi yake ya kulainisha maji ikajazwa.

Mwaka wa pili alikuja fundi mwingine, na hapo ndipo niliposhuku. Alikagua kiyoyozi kwa kusimama chini yake na kuinua mkono. "Gesi imepungua, mama. Ijazwe," akasema, na kunitajia gharama iliyo nje ya mkataba. Nilimuuliza inavuja wapi. Akajibu kwamba gesi hupungua yenyewe kwa matumizi.

Hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, maana kauli hiyo imewatoa watu wengi fedha. Gesi ya kiyoyozi, kama ile ya jokofu, huzunguka katika mfumo uliofungwa na haitumiki kama petroli inavyotumika garini. Ikiwa imepungua, basi inavuja, na anayejaza bila kutafuta tundu anakuuzia gesi itakayovuja tena. Mara nyingi, hata hivyo, haijapungua kabisa. Kiyoyozi kisichopata hewa hupoza vibaya, wakati mwingine hata hugandisha barafu kwenye neli zake za ndani, na dalili hizo hufanana na za gesi iliyopungua. Nilikataa. Jioni nilitoa machujio, ambayo hutoka kwa kubanwa tu, nikayaosha kwa maji ya bomba mpaka yakawa yanaonyesha upande wa pili, nikayakausha kivulini. Siku iliyofuata nikazima umeme na kusafisha kwa maji mepesi neli za kifaa cha nje, zilizokuwa zimezibwa na majani na vumbi. Kiyoyozi kikapoza. Tangu hapo machujio nayaosha kila baada ya wiki tatu nyakati za joto, na gesi haijaongezwa hata tone.

Nilipolalamika, kampuni ilimbadilisha fundi. Wa tatu alikuwa kijana mpole mwenye tableti, na ripoti zake zilipendeza kuliko za wote: kurasa nne, kila mstari una alama ya tiki ya kijani. Katika ziara yake ya mwisho alikaa nyumbani kwangu chini ya saa moja kwa mashine zote sita. Mstari wa kwanza wa ripoti ulisema: kondensa ya jokofu imesafishwa. Kesho yake nililivuta jokofu. Vumbi lilikuwa pale pale, na juu ya ile tepu nyeupe kulikuwa na tarehe tatu tu, mbili za fundi wa kwanza na moja ya wa pili. Hakuna aliyelisogeza jokofu lile kwa zaidi ya mwaka. Nikafungua kizibo cha pampu ya mashine ya kufulia, ambacho nacho kilikuwa na tiki, nikatoa soksi ya mtoto.

Kwa hiyo hukumu yangu kuhusu huduma hii haiwezi kuwa moja. Mwaka wa kwanza ningeupa nyota nne na nusu kati ya tano, na ile nusu naiondoa kwa sababu anodi ilingoja hadi ziara ya pili. Mwaka wa pili ningeupa mbili. Wa tatu ningeupa moja, kwa adabu za yule kijana. Katika orodha nzima ya mkataba, nakadiria theluthi mbili ni kazi ambazo mwenye nyumba anaweza kuzifanya kwa brashi, taulo, pimamaji na Jumamosi moja kila baada ya miezi mitatu. Theluthi iliyobaki, yaani anodi na usafishaji wa tangi, viungo vya gesi, upimaji wa umeme na waya wa ethi, inahitaji mtu mwenye vifaa na mazoea, na hiyo naiona inastahili kulipiwa bila kinyongo.

Anayefikiria kusaini mkataba wa namna hii aombe kwanza aone ripoti ya mfano. Ripoti yenye vipimo, kwa mfano joto la friza kabla na baada, au unene wa anodi uliobaki, ni ngumu kuandikwa na mtu aliyekaa kwenye kiti. Ripoti ya tiki huandikwa popote. Aulize kama anodi imetajwa kwa jina, kwa sababu "ukaguzi wa hita" huweza kumaanisha kuitazama hita. Aulize kama fundi yule yule atarudi, na akiweza alitaje hilo kwenye mkataba, kwani fundi aliyeisikia mashine mwaka jana ataitambua sauti mpya mwaka huu.

Mimi niliwaandikia nikiomba mkataba wa hita na jiko peke yake. Walijibu kwa heshima kwamba kifurushi hakigawanyiki, wakanipa punguzo kwa mashine zote sita. Sikusaini. Fundi wa kwanza, ambaye nilikuja kujua kwamba aliacha kazi pale, sasa huja kwa malipo ya siku, mara moja kwa mwaka, kufungua tangi na kupima gesi. Alipokuja mara ya mwisho alilivuta jokofu bila kuombwa, akamulika tochi nyuma yake, akasoma tarehe nilizoandika mwenyewe chini ya zake, kisha akalirudisha jokofu ukutani bila kusema neno na kwenda kwenye hita.